Saa Saba Mchana: Mwongozo wa Mtumishi Anayetafuta Pa Kula Nachingwea na Ruangwa

Umehamishiwa Nachingwea au Ruangwa. Umeripoti, umepewa meza, na ikifika saa sita na nusu wenzako wanaanza kuinuka mmoja mmoja. Ukiuliza wapi kuna chakula kizuri, mara nyingi hutatajiwa jina la hoteli. Utatajiwa mtu: "Nenda kwa mama fulani, pale nyuma ya ghala." Basi.

Mfanyakazi wa Posta au Kariakoo, Dar es Salaam, akikosa chakula huku anavuka barabara anakula kule. Kwenye mji wa wilaya wapishi wanahesabika, na ukichelewa umechelewa. Sababu iko kwenye hesabu za mpishi. Mama lishe hununua mchele, nyama na mboga asubuhi kwa hela ya jana, na wengi hawana friji. Kinachobaki jioni ni mtaji uliopotea. Kwa hiyo hupika kwa idadi ya watu anaowatarajia, na anaowatarajia ni wale anaowajua.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo. Ukitaka kula vizuri siku tano za wiki, ingia kwenye hesabu ya mpishi. Hatua zifuatazo ni za kukufikisha hapo bila kuumwa tumbo, bila kuchelewa kazini na bila kumaliza mshahara.

KWA UFUPI

- Chagua mpishi mmoja wa kudumu na mmoja wa akiba.
- Toa taarifa ya chakula chako kabla ya saa nne asubuhi.
- Kaa mezani kabla ya saa saba na robo, isipokuwa kama zamu yako ni ya pili.
- Kula kilicho moto, nawa kwa maji yanayotiririka, lipa kwa wakati.
- Jua kalenda ya mji: minada, Ramadhani, mechi na tarehe za mshahara.

## 1. Jua kwanza una muda gani

Watu wengi huanza kwa kutafuta chakula kabla ya kujua wana dakika ngapi. Anza na muda, maana ndio utakaoamua unaweza kwenda umbali gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya dakika 60 au zaidi. Mwajiri anaweza kukutaka ufanye kazi wakati huo iwapo tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Halazimiki kukulipa kwa muda huo wa mapumziko, ila akikutaka ufanye kazi au uwe tayari kuitwa, malipo yanakuhusu. Walio JWTZ, Polisi, Magereza na JKT hawaguswi na sheria hii. Wao wana taratibu zao.

Ukiingia saa 1:30 asubuhi, saa tano zinatimia saa 6:30 mchana. Hapo ndipo pa kuanzia. Zigawe dakika 60 hivi:

1. Dakika 10 za kutembea kwenda.
2. Dakika 5 za kunawa na kuagiza.
3. Dakika 25 za kula.
4. Dakika 10 za kurudi.
5. Dakika 10 za akiba, kwa siku ambayo wali bado uko jikoni.

Mahali palipo zaidi ya dakika 10 kwa mguu paachie siku isiyo na wateja wengi. Kama ofisi yako ni ya kuhudumia wananchi, kama dirisha la benki, mapokezi ya hospitali au masjala, pangeni zamu mbili: wa kwanza 6:30 hadi 7:30, wa pili 7:30 hadi 8:30. Wa zamu ya pili lazima waagize mapema kuliko wote, kwa sababu wao ndio hukuta sufuria inakwanguliwa.

## 2. Zijue aina za sehemu za kula

Kila aina ina siku yake. Usiilazimishe moja ifanye kazi ya nyingine.

Banda la mama lishe au baba lishe. Lipo karibu na ofisi, ghala, mahakama au hospitali. Mabenchi mawili matatu, sufuria nne tano, chakula cha siku hiyo hiyo. Ndilo tegemeo la mtumishi. Ubora wake ni upya wa chakula. Udhaifu wake ni kwamba kinaisha.

Hoteli za stendi. Zinapika kwa wasafiri, kwa hiyo chakula kipo tangu asubuhi hadi jioni. Ni nzuri ukichelewa. Angalia tu kisiwe kile cha saa nne kinachopashwa saa tisa.

Sokoni. Bei huwa nafuu na mboga mbichi ziko jirani. Kelele, jua na foleni vipo. Panafaa siku usiyo na haraka.

Kantini za taasisi. Hospitali na vyuo, kikiwemo Chuo cha Ualimu Nachingwea, ni maeneo ya kuulizia kama kuna jiko linalohudumia na wageni, na kwa saa zipi.

Baa zenye jiko. Nyama choma, mchemsho, ndizi. Nyama ya kuchoma haina haraka, na mazungumzo ya pale hayana mwisho. Iweke Ijumaa baada ya kazi.

Vibanda vya chipsi. Vingi huchangamka kuanzia alasiri. Chipsi mayai mara moja moja si dhambi; kila siku ni mafuta mengi na mboga kidogo.

Chakula cha kuletewa. Mpishi au msaidizi wake hupita ofisini na hotpoti. Hii inafaa zamu ya pili na siku za mvua. Masharti yake yako sehemu ya 7.

Cha kubeba nyumbani. Usikidharau. Siku moja au mbili kwa wiki za kubeba kunde au wali wako mwenyewe hupumzisha mfuko na tumbo.

## 3. Wiki ya kwanza: hatua za kumpata mpishi wako

1. Uliza watu wa aina tatu. Mlinzi, dereva wa ofisi na mhudumu. Mkuu wa idara anaweza kuwa anakula kwake. Hawa watatu wanakula mtaani kila siku na wanajua nani ameharibu mchuzi wiki hii.

2. Pita saa nne asubuhi bila kula. Wakati huo maandalizi yanaonekana: maji yako wapi, nyama mbichi imekaa na nini, nani anachambua mchele. Saa saba utaona sahani tu.

3. Salimia ipasavyo. "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri, "Habari za kazi dada" kwa mnayelingana. Jitambulishe na ofisi yako. Ndani ya siku chache utaitwa kwa kazi yako: mwalimu, daktari, bwana shamba, hakimu. Jina hilo ndilo utakalohesabiwa nalo.

4. Kula kwa wapishi tofauti siku tatu za mwanzo, chakula kile kile. Agiza wali maharage kila mahali. Ukibadilisha mpishi na chakula kwa pamoja hutajua kipi kilikufurahisha. Maharage hayafichi kitu: yakiwa hayajaiva, yana mchanga au yamewekewa chumvi ya kuficha uchachu, utajua kijiko cha kwanza.

5. Siku ya nne rudi kwa aliyekuridhisha na sema maneno haya: "Mama, mimi nitakuwa nakula hapa siku za kazi. Ukipika, nihesabu." Chukua namba yake ya simu, mpe na yako.

6. Siku ya tano chagua wa akiba. Mpishi naye huugua, hufiwa, husafiri. Kula kwa wa akiba angalau mara moja kila wiki mbili ili asikusahau.

Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya saa nne tuma ujumbe mfupi: "Leo nipo, ugali samaki, saa 6:45." Siku usiyokuwepo, kwa safari au semina, sema pia. Mteja anayesema "leo sipo" huheshimiwa kuliko anayekula sana, kwa sababu amemwokolea mpishi sahani moja ya hasara.

## 4. Kagua usafi kwa dakika mbili

Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za chakula salama: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kuivisha vizuri, kutunza chakula kwenye joto sahihi, na kutumia maji na malighafi salama. Huna haja ya kipimajoto. Simama karibu na sufuria, tazama.

Mvuke. Mfuniko ukifunuliwa, mvuke uinuke. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Mchuzi unaochemka taratibu juu ya mkaa uko salama. Ule wa uvuguvugu kwenye beseni pembeni umo ndani kabisa ya eneo la hatari. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto zaidi ya saa mbili.

Upawa. Fuatilia upawa mmoja. Ukitoka kwenye mchuzi unawekwa wapi? Kwenye sahani safi, juu ya mfuniko, au chini juu ya benchi walilokalia watu? Je, unaingia kwenye samaki kisha kwenye mbaazi bila kuoshwa?

Mkono wa hela. Tazama mkono unaopokea noti. Ukirudisha chenji kisha ukashika chapati bila kunawa, umeona vya kutosha. Wapishi makini humwachia hela mtu mwingine, au huwa na kikopo cha mteja kujiwekea na kujirudishia.

Maji ya kunawa. Unawishwe kwa birika, au pawe na ndoo yenye bomba, na sabuni. Beseni moja wanalochovya wote linagawa uchafu. Taulo moja la wote ni hivyo hivyo. Kung'uta mikono ikauke yenyewe.

Maji ya kunywa. Maji ya bomba ya mjini Nachingwea husambazwa na MANAWASA, mamlaka inayohudumia Masasi na Nachingwea, kutoka chanzo cha Mbwinji. Swali la kumuuliza mpishi ni hili: yakikatika, unachota wapi na unayahifadhi kwenye nini? Ndoo yenye mfuniko na kata ya mpini mrefu ni jibu zuri. Kama huna uhakika, beba maji yako yaliyochemshwa.

Saladi na kachumbari. Hivi haviivishwi, kwa hiyo hutegemea kabisa maji yaliyooshea. Mahali pageni viache mpaka upajue.

> ONYO
> Nyama, samaki na maziwa havisamehewi kwa sababu ya urafiki. Harufu ikibadilika, rudisha sahani kwa upole: "Mama, huyu samaki amenishinda, niwekee mboga." Usimtangaze mbele za watu, na usile kwa kuona haya. Ukiona hali mbaya inayojirudia, mwambie afisa afya wa kata. Ukaguzi wa mabanda ya chakula na afya za wapishi ni kazi yake.

## 5. Sahani ya kusini: chagua nini

Mtu wa kutoka mbali huja huku akitafuta wali nyama kila siku na kulalamika kwamba hakuna kitu. Chakula bora cha eneo hili mara nyingi ni kile kisicho na nyama.

Mbaazi. Zao la huku. Zikipikwa kwa nazi hadi zikawa na rojo, na wali au chapati, zinashibisha na zina protini ya kutosha kukufikisha jioni. Bei yake huwa chini ya nyama.

Kisamvu. Uliza kimeungwa kwa nazi au karanga. Kisamvu kizuri kimetwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Majani ya muhogo hayataki haraka, na kilichopikwa kwa pupa huacha uchungu.

Kunde, majani ya kunde, matembele, mlenda. Omba mboga iwe nusu ya sahani. Sema mapema, kwa sababu mazoea ya mpishi ni kukujazia wali ili usiseme amekupunja.

Ugali. Upo wa mahindi, wa muhogo, na pengine wa mtama. Ugali wa muhogo usiwe mchungu. Muhogo mchungu unatakiwa kuvundikwa au kulowekwa na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa ili sumu itoke; ukiruka hatua hizo na mtu akaula mfululizo, unaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao umewahi kuripotiwa kusini mwa nchi. Ukionja uchungu, acha.

Samaki na dagaa. Ruangwa na Nachingwea ziko bara, samaki wa bahari hutoka pwani, upande wa Lindi na Mtwara. Uliza "wameingia lini?" Waliokaushwa au kukaangwa vizuri huvumilia safari, wabichi huvumilia wakiwa na barafu. Siku barabara ikiwa mbaya kwa mvua, kula dagaa.

Karanga na korosho. Ni vitafunwa vizuri vya saa nne. Karanga iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu iteme. Sumukuvu haitoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa.

Ming'oko. Mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa mitaani kwa msimu. Ni kitu cha kuonja ukiwa mgeni, na wenyeji watafurahi kukuona ukimenya.

Kama baada ya kula unasinzia juu ya mafaili, tatizo huwa ni wingi wa wanga. Jaribu wiki moja: nusu ya wali uliozoea, mboga mara mbili, maharage au mbaazi, tunda, maji badala ya soda. Ukishazoea utaona tofauti saa nane.

## 6. Panga hela ya chakula

Piga hesabu ya mwezi kabla mwezi haujaanza. Huu ni mfano. Weka bei za kwako:

> HESABU YA MFANO
> Sahani sh 2,500 × siku 22 = sh 55,000
> Maji na soda sh 1,000 × siku 22 = sh 22,000
> Jumla = sh 77,000
> Ukibeba chakula siku 4 za mwezi na kuacha kununua maji na soda siku 11, unaokoa sh 21,000.

Kuna njia tatu za kulipa:

1. Papo kwa papo. Njia bora kwa wote. Kuwa na noti ndogo. Noti ya elfu kumi saa sita na nusu ni usumbufu.

2. Kwa simu. Uliza kama ana lipa namba. Ukimtumia kwenye namba yake ya kawaida atakatwa makato akienda kutoa, na hiyo ni hela ya mchuzi wako. Thibitisha jina kabla ya kubonyeza, mwonyeshe ujumbe.

3. Kwa daftari. Unakula, unaandikwa, unalipa mshahara ukitoka. Inasaidia vyuma vikikaza, ila ndiyo inayoua mabanda mengi. Mpishi anayewakopesha watu kumi ananunua nyama ya kesho kwa hela asiyokuwa nayo, na matokeo yake yanaonekana kwenye sahani za wote: mafuta yanapungua, nyama inakatwa vipande vidogo.

Ukilazimika kula kwa daftari, fuata haya:

- Andika na wewe kwenye simu yako, kila siku, tarehe na kiasi.
- Weka kikomo, kwa mfano sahani tano.
- Lipa siku mshahara unapoingia, kabla ya matumizi mengine.
- Ukihamishwa kituo, lipa kabla ya kufungasha. Deni la chakula husafiri na jina la ofisi yako, na atakayekuja baada yako atalipa kwanza ndipo ale.

## 7. Chakula cha kuletewa na cha kikao

Kwa mtu mmoja, nunua chombo chako chenye mfuniko wa kubana, kiandike jina, kiachie mpishi asubuhi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo mchuzi wa moto haukuwa na kazi ndani ya mfuko laini.

Kwa kikao au semina ya watu wengi, fuata mpangilio huu:

1. Siku tatu kabla: kaa na mhasibu na afisa ununuzi mjue malipo yatapitaje. Wapishi wengi wadogo hawana mashine ya risiti za EFD. Ukiligundua hilo baada ya watu kula, anayeumia ni mpishi.
2. Siku mbili kabla: mpe mpishi idadi, aina ya chakula, saa na mahali. Uliza wanaofunga, wasiokula nyama fulani, wenye kisukari na shinikizo la damu.
3. Toa malipo ya awali. Hawezi kununua kuku ishirini kwa ahadi.
4. Siku yenyewe saa nne: thibitisha idadi. Ikipungua, sema.
5. Kupokea: chakula cha saa saba kifike saa saba kasorobo, kikiwa kwenye hotpoti, cha moto. Kikiletwa saa tano "ili kiwepo", kitakuwa kimevuka saa mbili za usalama.
6. Mtu mmoja apakue. Wakijipakulia wenyewe, wa mwisho hukuta mifupa.
7. Kilichobaki: kigawiwe saa hiyo hiyo, kisisubiri chai ya jioni.

## 8. Soma kalenda ya mji

Hesabu ya mpishi huvurugwa na siku fulani ambazo zinajulikana mapema. Ziandike.

Msimu wa korosho, kwa kawaida Oktoba hadi Januari. Korosho huuzwa kwa minada kupitia stakabadhi ghalani, na katika eneo hili chama kikuu ni RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Wanunuzi, madereva wa malori na makuli wa maghala wote wanakula. Agiza jioni ya jana, au nenda saa 6:30 kamili. Malipo ya wakulima yakiingia, mabenki hujaa. Wafanyakazi wa benki wapange chakula cha kuletewa.

Ufuta na mbaazi. Ufuta huanza kuuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata. Pilikapilika ni zile zile, kwa kiwango kidogo.

Ramadhani. Sehemu kubwa ya wakazi ni Waislamu, na mabanda mengi hayapiki mchana. Muulize mpishi wako kabla mwezi haujaandama: "Mwezi huu utapika?" Wasiofunga wabebe chakula na kulia faragha, mbali na meza ya mwenzao aliyefunga. Jioni kuna futari, na hapo utakula vitu ambavyo mwaka mzima havionekani.

Ijumaa. Wengi huenda msikitini mchana, mpishi akiwamo. Ama ule saa 6:15 kwa makubaliano na ofisi, ama baada ya swala.

Mechi Ruangwa. Namungo FC iliingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na hucheza nyumbani Uwanja wa Majaliwa. Siku timu kubwa za Dar es Salaam zinakuja, mji hujaa tangu asubuhi. Siku hizo tumia mpishi wako wa kudumu tu. Hoteli za barabarani zitakuwa na foleni.

Masika. Barabara ikiharibika, samaki na nyanya hupanda bei. Usimlaumu mpishi sahani ikibadilika. Mwambie akupikie kilichopo shambani.

Tarehe za mshahara. Siku hizo kila mtu anataka kuku. Wewe kula mbaazi kwa raha, kuku muagize wiki inayofuata.

## 9. Tumbo likiharibika

1. Anza kunywa maji yenye ORS mara moja. Changanya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.
2. Endelea kula chakula chepesi kama uji, wali laini au ndizi.
3. Usinunue dawa za kuua vijidudu bila kupimwa.
4. Nenda kituo cha afya haraka ukiona damu, homa kali, kutapika kusikokoma, kizunguzungu au kukosa mkojo. Choo cha majimaji meupe kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu: usisubiri kesho.
5. Waulize wenzako mliokula pamoja. Wakiwa wawili au zaidi, mjulishe mpishi na afisa afya siku hiyo hiyo, ili wengine wasile kutoka sufuria ile.

## 10. Makosa yanayorudiwa

- Kwenda saa nane na kutaka kuchagua. Saa nane unachukua kilichopo.
- Kufuata bei peke yake. Sahani ya bei ya chini kuliko zote mjini ina kitu kimepunguzwa. Jua ni kipi.
- Kuzunguka kila siku mahali papya. Utakuwa mgeni kila mahali, wala hutahesabiwa popote.
- Kuagiza halafu kutotokea. Ukifanya mara mbili, ujumbe wako wa tatu hautajibiwa.
- Kuongea mambo ya ofisi kwenye benchi. Mwananchi unayemjadili huenda shemeji yake anakuoshea sahani.
- Kumwita mpishi kwa kupiga vidole. Ni mama wa watu na ni mfanyabiashara. Atakupakulia wa mwisho, na atakuwa na haki.

## ORODHA YA KUKAGUA

Ikate, iweke kwenye droo ya meza yako.

☐ Najua saa yangu ya mapumziko na zamu yangu.
☐ Nina mpishi wa kudumu na wa akiba, na namba zao.
☐ Nimewaona wakiandaa chakula saa nne asubuhi.
☐ Nina chombo changu, kijiko na chupa ya maji.
☐ Leo nimetuma ujumbe kabla ya saa nne.
☐ Nina noti ndogo au salio la simu.
☐ Sina deni la zaidi ya sahani tano.
☐ Nimeangalia kalenda: mnada, Ijumaa, mfungo, mechi.
☐ Nina pakiti mbili za ORS.

Vyote hivi vikikuzidi kwa siku ya kwanza, fanya kimoja: kesho saa nne kasoro pita kwa mama uliyeelekezwa, msalimie, mwambie saa utakayokuja. Ukifika saa hiyo na sahani yako ipo imefunikwa, umeshahesabiwa.